Mahali Peupe Chini ya Ngome

Jioni ile mimi na wifi yangu Apollonia tulikuwa tunarudisha kazi kwa Fundi Veit. Yeye alichonga ngome yetu ya Nuremberg na mtaa ulio chini yake kwenye bamba la shaba, akachapa picha. Sisi wanawake tulizipaka rangi nyumbani. Mbingu buluu, mapaa mekundu, watu vyovyote vile.

Watu wenyewe walikuwa wa mtaani petu. Lorenz muuza soseji alichongwa kasimama nyuma ya farasi. Wiki haikuisha, farasi akampiga teke la kifua, akafa. Mama Babette wa mabata bukini alichongwa chini ya gari la mapipa ya bia. Mapipa yakamshukia. Picha zikauzika zaidi. Ndivyo watu walivyo.

Sasa kwenye picha mpya tulikuwamo sisi, wadogo kama siafu, tumeinamia kisima. Kushoto Apollonia, kulia mimi, kama tunavyosimama kila siku.

"Nitoe, Fundi," Apollonia alinong'ona.

Fundi alikuwa anatafuna kitunguu. "Kumtoa mtu ni kumkwangua kwenye bamba. Atakayekwanguliwa, mauti hayatamwona. Lakini ni mmoja tu. Wawili, bamba litatoboka."

"Basi mimi!"

"Na mimi je, wifi?"

"Wewe unaishi kwa ajili ya nini? Kaka yangu alikufa kwa kukuchoka."

"Afadhali yeye alipata pa kukimbilia. Mumeo bado anausikia huo mdomo."

Apollonia alishanyakua kikwanguo, ameliinamia bamba. Taa ilikuwa hafifu. Chumba kilinuka tindikali, wino... na kitu kingine.

Maji ya kisima.

Akamtafuta mwanamke wa kushoto.

Krr... krr... krr...

Kila mkwaruzo niliusikia kwenye uti wa mgongo.

Fundi hakumzuia. Alingoja amalize, akapaka wino, akapitisha karatasi mtamboni, akaibandua taratibu.

Apollonia alikuwa bado yupo. Kushoto. Na ndoo yake.

Kulia, nilipokuwa mimi, palikuwa peupe.

"Nyie wapaka rangi!" Fundi alicheka mpaka kitunguu kikamtoka mdomoni. "Miaka yote mnashika karatasi tu. Shaba huchongwa kinyume, mama. Kushoto kwa shaba ni kulia kwa karatasi."

Apollonia hakukanyaga kisimani tena. Aliletewa maji. Tulimkuta jikoni kwake, mlango umefungwa kwa ndani, kichwa kiko ndooni, mapafu yamejaa maji.

Ndoo ilikuwa kavu.

Mimi? Wanangu nimewazika. Wajukuu nimewazika. Kipindupindu kiliingia nyumbani, kikapita kitanda hadi kitanda, kikaruka changu. Meno yameondoka, macho yanaondoka, magoti hayanibebi. Mauti yanapita mlangoni yakinipa kisogo. Nimewaomba wachongaji wanirudishe pale kisimani. Wanachonga, wanapaka. Wino haushiki.

Picha iko ukutani kwangu. Giza likianza kuingia, kutoka humo nasikia kamba ikikwaruza jiwe, ndoo ikishuka... ikishuka... wala haifiki chini.

Kisha sauti yake.

"Wifi... nishikie kamba."

Ningeishika. Sina mkono humo.