Fremu Tano za Kila Sekunde

Diski ilizidi. Video ya dakika kumi na mbili iliingia kwenye kompyuta, ikatoka dakika kumi na nne na sekunde ishirini na nne. Na kompyuta, tofauti na mafundi wanaoitumia, haina tabia ya kuongeza chumvi.

Fundi mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mkasi, maana kwenye video za harusi alikata watu bila huruma. Kuna shangazi alicheza saa nzima, akaja kuonekana kiwiko tu. Lakini hii haikuwa harusi. Alikuwa mkewe, ameketi jikoni akikunja nguo na kumcheka mumewe aliyekuwa akimrekodi kwa simu, wiki mbili kabla hajazikwa. Mama mkwe alikuwa na deki ya zamani ya kuchezea diski na ombi moja tu: amwone mwanawe akicheka. Angeifuata diski saa nane mchana.

Tangu msiba, Mkasi hakulia. Alikula akipewa, akalala akiambiwa. Ungemkanyaga kidole angekuuliza kama umeumia.

"Kaka, umekosea wapi?" aliuliza dada yake, mpokea wateja.

"Sijakosea. Simu ilipiga fremu, yaani picha mojamoja, thelathini kila sekunde. Deki ya mama inataka ishirini na tano. Kwa hiyo nimetupa tano tano."

"Umetupa, halafu imeongezeka? Hata mimi nikijinyima hunenepa, ila mimi najua ninachokula kwa siri."

Hakucheka. Akachukua kalamu. Tano kwa sekunde mia saba na ishirini: fremu elfu tatu na mia sita. Ukizichezesha ishirini na tano kwa sekunde, ni dakika mbili na sekunde ishirini na nne.

"Ni zile nilizotupa," akasema, kama anayesoma bei ya sabuni. "Zimerudi. Zimejipanga mwishoni."

Wakazitazama, jua la saa sita likiwa mlangoni. Jiko lilelile. Marehemu alirukaruka kama mwenye kwikwi, kwa kuwa picha zake zilikuwa za kuokoteza, moja hapa, nyingine kule. Ila kiti cha pili, ambacho kwenye simu kilikuwa kitupu, sasa kilikuwa na mwanamke mrefu, naye hakuruka hata kidogo, alitembeza mikono yake laini kama maji, akikunja nguo sambamba na mwenyeji wake, amevaa gauni lilelile ambalo marehemu alikuwa amelipakata, na chumba kizima cha kazi kikaanza kunuka nguo zilizokosa jua, na ingawa kipande kile hakikuwa na sauti, wote wawili walisikia kitambaa kikipapaswa, kikikunjwa, kikipapaswa tena, nyuma ya migongo yao.

"Zima," dada akanong'ona. "Zima, kaka, nakuomba."

Akazima.

"Jini huyo. Umemtupa mara elfu tatu na mia sita, nani asingekasirika? Mimi shemeji alinitupa mara moja tu, mpaka leo simsalimii."

"Nifanyeje?"

"Mrudishie fremu zake. Usitupe hata moja."

Ipo njia. Unaacha fremu zote, unapunguza mwendo mpaka deki iridhike, kisha, kwa kuwa sauti ikipunguzwa mwendo huwa nzito, unaifanya nyembamba kidogo ili marehemu asiongee kama mlinzi wa benki. Mkasi akafanya hivyo. Dakika kumi na nne na sekunde ishirini na nne, safari hii kwa haki. Wakaitazama yote. Kiti kitupu. Harufu imekwisha. Saa nane mama mkwe akaja, akaikumbatia diski kama mtoto mchanga, akaenda zake.

Saa kumi na mbili simu ikaita.

"Mkwe wangu, Mungu akuzidishie. Anacheka taratibu, mpaka nimemshiba."

"Nimefurahi, mama."

"Na yule mwenzake wa pembeni, ndiye aliyemuuguza?"

Mkasi akamtazama dada yake. Mama mkwe aliishi peke yake. Ukimwambia hapakuwa na mtu, nani atamshika mkono?

"Ndiye, mama."

"Basi mwambie aketi. Picha imeisha muda mrefu, yeye kasimama tu hapa mlangoni. Kazi anaijua, lakini! Kabati langu lote amelikunja."

Simu haikuanguka. Mkasi aliishika tu, akasema polepole, "Nilimpunguzia mwendo. Akapata nafasi ya kutoka." Kisha hofu, ambayo tangu makaburini alikuwa ameisahau, ikamrudia yote kwa mpigo, akakimbilia mlangoni simu ikiwa sikioni.

"Mama, toka nje. Nakuja."

"Usije mbio, mwanangu," sauti ikajibu, tulivu, na nyuma yake kitambaa kikipapaswa. "Anasema bado kidogo tu amalize. Amefikia gauni nililovaa."