Niliuza Ng'ombe wa Watu Nikacheze Karata za Kwenye Simu

Nina miaka thelathini na mmoja. Nimezaliwa Akheri, chini ya Mlima Meru, na shule niliiacha kidato cha pili kwa kupenda kwangu, hakuna aliyenifukuza. Ninyi mnaosoma haya msinihurumie haraka. Nisikilizeni kwanza, halafu mtaamua wenyewe.

Mimi ni mtu nisiyetulia. Nimechimba madini Mererani, nimebeba mizigo ya wageni mlimani, nimeuza viatu vya mitumba mjini Arusha. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe kazi inavyokwenda. Nikishaelewa inanichosha, naondoka. Nilikuwa mtu wa kuuliza sana. Mama alizoea kuniambia, "Eliya, ungelipwa kwa maswali ungeshajenga ghorofa."

Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama alibaki na kipande cha migomba na kahawa, na ng'ombe mmoja ambaye hakuwa wake.

Hapo lazima nieleze. Kwetu mtu mwenye ng'ombe lakini hana majani ya kutosha humpa jirani anayemwamini amfugie. Anayefuga anakunywa maziwa na kupata mbolea. Ndama wa kwanza anarudi kwa mwenye ng'ombe, wa pili ni wa aliyefuga. Hakuna karatasi wala sahihi... ni neno tu, mbele ya majirani wawili watatu.

Ng'ombe wetu alikuwa wa Mama Anaeli, mjane anayesali kanisa moja na mama. Ndama wa kwanza alishakwenda kwa mwenyewe. Sasa ng'ombe alikuwa na mimba ya pili. Mama yangu, tangu azaliwe, hajawahi kuwa na ng'ombe wa kumwita wake. Alikuwa akimsubiri huyo aliyekuwa tumboni.

Poka niliingizwa na rafiki yangu Wilfredi wa Kikatiti, ambaye tulibeba naye mizigo mlimani. Ni mchezo wa karata, unachezwa kwa simu, na mezani unakutana na watu usiowajua wa nchi usizozijua. Nilimwambia sipendi kamari. Akacheka.

"Kamari ni ya wale wanaobahatisha mipira," alisema. "Hii ni akili. Na wewe akili unayo, kaka, unaiozesha tu."

Akachukua simu yangu, akanifungulia akaunti mwenyewe. Mtu mdadisi ukimwambia kuna kitu cha kuelewa, umeshamfunga kamba.

Nilijifunza hasa. Nilijua wakati wa kutupa karata na wakati wa kuongeza dau. Nilijua karata ninayoisubiri ina nafasi gani ya kutokea. Mwanzoni nilishinda. Nilimnunulia mama kitenge, nikamdanganya kuwa nimepata kibarua. Nani angenishauri niache wakati ule?

Lakini kuna jambo nilichelewa kulielewa. Pale mezani fedha haizaliwi. Nikishinda, nimemnyang'anya mwenzangu. Na kabla ya mshindi kushika chake, kampuni imeshamega kipande, ashinde nani, aliwe nani. Kwa hiyo mnaweza kucheza wewe na mwenzako mwaka mzima, mkatoshana nguvu, na wote mkaondoka mmepungukiwa. Nami nilipojiona hodari nikapanda meza kubwa, nikakutana na watu wanaocheza kama wanaokwenda kazini. Walinichuna taratibu, bila haraka. Siku niliyoshinda niliisimulia wiki nzima. Siku niliyoliwa niliisahau kabla chai haijapoa.

Fedha za viatu zikaisha, kisha viatu vyenyewe.

"Shida yako ni mtaji," Wilfredi aliniambia. "Mwenye mtaji mdogo anafilisika kabla akili yake haijafanya kazi. Pata mtaji wa maana mara moja tu, utanikumbuka."

Mtaji... Nyumbani kwetu kulikuwa na mtaji mmoja tu, umelala bandani unacheua.

Asubuhi moja mama alikwenda msibani. Nikamwita mnunuzi kutoka Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, ambako hakuna aliyemfahamu ng'ombe yule. Ng'ombe alikataa kupanda gari. Tulimsukuma, tumbo lake likigusa ubao wa nyuma, na mnunuzi akaniuliza kama kweli nataka kumuuza mwenye mimba kubwa hivyo. Nikasema nina mgonjwa.

Mama aliporudi nilimwambia ng'ombe aliugua ghafla, daktari wa mifugo amemchukua Tengeru, atakaa naye mpaka azae. Alinishika mkono akanishukuru. Jamani, alinishukuru!

Nilipanga nishinde upesi, ninunue ng'ombe mwingine wa rangi ileile. Hebu fikiria ujinga huo. Mtu aliyemkamua ng'ombe kila alfajiri, utamdanganya kwa rangi? Lakini hata huko sikufika. Haikuisha wiki, fedha yote ilikwenda.

Na mama kila siku alikata majani. Akayapanga kando ya banda tupu. "Akirudi na mtoto wake wasikute njaa," alisema.

Nikamfuata Wilfredi Kikatiti anikopeshe. Nilimkuta kwenye saluni ya dada mmoja msusi, amemshikia simu, anamwelekeza. "Hapo wanapouliza nani amekualika, weka namba yangu. Hiyo usiisahau, dada yangu." Nilikumbuka kwamba hata kwangu aliijaza namba hiyo. Nikamvuta nje.

"Ile namba ni ya nini?"

"Wewe ulidhani nini? Wanajua ni mimi niliyekuleta."

"Wakishajua?"

"Wananipa changu. Ukicheza, kampuni inakata. Katika wanachokata, mimi nalamba kidogo."

"Kwa hiyo mimi nikiwa naliwa, wewe unakula?"

"Hata ukishinda nakula. Mradi ucheze tu." Alitabasamu kama mtu anayenifundisha kazi. "Kaka, mimi karata nimeacha siku nyingi. Ilinimaliza. Nikaona bora nilete wachezaji."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe unayeuliza kila kitu!"

Sikuwahi kumuuliza rafiki yangu yeye anapata wapi. Nilimtazama dada yule kupitia mlangoni, ameinamia simu anatabasamu... nikaondoka bila kumwonya. Hilo nalo liko juu yangu.

Jumamosi iliyofuata Mama Anaeli alikuja na magadi ya ng'ombe kwenye mfuko. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia vizuri tu. "Nasikia mgonjwa wetu yuko Tengeru," alisema. "Twende tukamwone, siku zake zimekaribia." Mama alishachukua khanga ya kujifunga. "Haya Eliya, tupeleke."

Nikasema yote, nimesimama palepale uani.

Mama Anaeli aliuweka mfuko chini. Alikuwa mtu wa haki. "Mama Eliya," alisema, "wewe hukujua. Huyu ni mtu mzima, tutamalizana naye mbele ya wazee."

Mama angeweza kukubali. Nilitamani akubali. Akasema, "Hapana. Ng'ombe ulinipa mimi. Hukumpa yeye."

Wazee walikaa. Mnunuzi alitafutwa, lakini ng'ombe alishauzwa mbele kwa mbele, hakuonekana tena. Ikaamuliwa Mama Anaeli avune migomba yetu ya juu, ile iliyo mizuri, mpaka deni liishe. Mama hakulalamika. Kwangu hakusema neno baya hata moja, na afadhali angesema.

Baadaye nilirudia tabia yangu ya kuuliza. Niliwatafuta wacheza poka wote niliowajua, Arusha mjini mpaka huku kwetu. Kila mmoja alinisimulia siku aliyoshinda. Nikiwauliza, "Tangu uanze, ukitoa ulichoweka, uko mbele au nyuma?" wanageuza mazungumzo, au wanakasirika. Mmoja tu aliapa yuko mbele. Kabla hatujaagana akaniomba nauli.

Sisemi hakuna anayeshinda. Wapo, wachache, na wanaishi kwa sisi tulio wengi. Kila mmoja wetu anaingia akiamini yeye ni wa wale wachache. Ndugu yangu uliyeshika simu sasa hivi, nani amekualika? Muulize yeye anakula wapi. Kama fedha unayotaka kuweka ina jasho la mtu mwingine, nakusihi, irudishe ilikotoka leo hii.

Mimi sasa nachimba mitaro ya watu na kubeba mbolea, nalipa kidogokidogo. Deni litaisha. Lakini hakuna jirani atakayempa mama yangu ng'ombe amfugie tena, naye analijua hilo. Maziwa ya chai tunanunua kwa kikombe, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama haendi mwenyewe. Anaona haya.