Mume Aliyepewa Kazi ya Mkewe

Ndugu zangu wa bonde hili, ninyi mnaopita mlangoni kwangu mkienda kanisani na ninyi msiopita, nawaandikia habari za jirani zangu. Sikusimuliwa na mtu baki: niliyasikia mwenyewe au waliniambia wao. Nyumba yao na yangu zina ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba.

Kila Jumapili nyumba ya Gwilym Probert na mkewe Nesta ilinukia supu ya kondoo. Gwilym alilima vitunguu vya majani kwenye kipande cha shamba alichokodi kwa halmashauri nyuma ya reli, akiniletea vitatu kila wiki, vimeoshwa na kufungwa uzi. Nesta alipanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa la mjini, mwaka wa kumi na moja huo. Beji yenye jina lake aliitundika kwenye msumari, na kila alfajiri niliisikia ikigonga ukuta alipoichukua. Halafu nilisikia wakitaniana. Nyumba ilikuwa na amani.

Kiwanda cha mikate kikafungwa. Gwilym alikuwa ameoka pale miaka ishirini na sita. Akaenda kujiandikisha ofisi ya kazi ili apate posho ya wasio na kazi, na kila wiki akapeleka orodha ya mahali alikoomba kazi. Mwanamume wa miaka hamsini na minane aliomba hadi kazi ya kusuka nywele. Hakujibiwa hata huko.

Hapa sina budi kujitaja. Siku serikali ilipotangaza kwamba wanaopokea posho watapelekwa wakafanye kazi, nilifurahi. Nilisimama mlangoni pa kanisa nikasema, "Vizuri. Asiyefanya kazi na asile." Nesta alikuwa nyuma yangu na vitabu vya nyimbo mikononi. Alivipanga kabatini, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili barua ikafika. Niliwasikia jikoni kwao.

"Kisia wamenipeleka wapi," Gwilym alisema.

"Usiniambie ni saluni."

"Dukani kwenu. Saa thelathini kwa wiki, miezi sita."

"Mshahara?"

"Hakuna. Ni posho ileile. Wanasema napata uzoefu."

Nesta akacheka. "Uzoefu wa kubeba maboksi? Haya, ukifika uniamkie, mimi ndiye mkubwa wako."

"Shikamoo, bosi. Nisipokwenda wananikatia posho."

Sasa, wanaume wa bonde hili wana ugonjwa mmoja, wa kurithi: hawajui kufanya kazi nusu. Gwilym alidhani meneja akiona jasho lake atamwajiri. Alifika nusu saa kabla ya wengine, na saa nne asubuhi alikuwa amejaza rafu za watu watatu. Wakati wa chai Nesta alimvuta pembeni.

"Gwil, punguza mkono."

"Nipunguze? Marehemu baba angefufuka anizomee."

"Baba yako alikuwa analipwa."

Hakumsikiliza. Wiki ya tano meneja, dada mmoja aitwaye Delyth, alimwita Nesta stoo.

"Nes mpenzi, usinielewe vibaya. Rafu zinajaa kabla hujafika. Sina saa za kukupa."

"Zinajazwa na nani?"

"Unamjua. Unalala naye."

Mkataba wa Nesta haukutaja saa. Ulisema ataitwa akihitajika. Basi hakuitwa tena. Alivua beji akaiacha mezani kwa Delyth. Kesho yake alfajiri nilitega sikio ukutani. Beji haikugonga.

Mchana huo Gwilym alichukua kofia yake akaenda ofisi ya kazi. Mimi niliyasikia haya kwake mwenyewe, alipokaa kwenye kizingiti changu akishindwa kuingia kwake.

Binti wa ofisini alimuuliza, "Bwana Probert, unakataa nafasi uliyopewa?"

"Nakataa kumnyang'anya mke wangu mkate."

"Kwenye fomu kuna 'amekubali' na 'amekataa'. Nijaze lipi?"

"Wewe ungekuwa mimi ungejaza lipi, mwanangu?"

Binti akajaza 'amekataa', akamtakia siku njema. Posho ikakatwa miezi mitatu, na dukani Nesta bado hakuitwa, kwa maana wa bure wengine walikuwa wanaletwa. Waliokaa wawili kwenye riziki mbili sasa hawakuwa na hata moja, na Jumapili harufu ya supu haikuja.

Ikabidi Nesta naye ajiandikishe. Alirudi na barua, hakuingia kwake, aligonga kwangu. Aliiweka mezani akaigeuza niisome. Walikuwa wamempeleka duka lilelile, rafu zilezile, bila mshahara, apate uzoefu.

"Bi Eluned," alisema, "nimefanya kazi pale miaka kumi na moja. Wewe ulisema asiyefanya kazi na asile. Niambie, mimi nile au nisile?"

Nilimwaga chai iliyokuwa imepoa nikamtengenezea nyingine. Hakuinywa.

Jumatatu akaenda. Asingekwenda, naye angekatiwa. Delyth alifungua droo akatoa ile beji. "Nilikutunzia, Nes. Nilijua utarudi."

Gwilym hakuweza kumtazama mkewe akitoka kila alfajiri kufanya bure kazi ambayo yeye, kwa bidii yake, alimpokonya. Aliacha shamba likaota magugu, halmashauri ikakichukua kipande chake. Kisha akafunga begi akaenda pwani kwa dada yake, na hajarudi, wala haandiki. Gazeti la mji limeandika kwamba wanaopokea posho bondeni mwetu wamepungua. Gwilym ni mmoja wa waliopungua.

Jumapili iliyopita Nesta aliniletea kitunguu kimoja alichokiokota kwenye magugu, hakijaoshwa. Na beji naisikia tena alfajiri ikigonga ukuta. Kucheka sikusikii.

FUNZO

Ndugu zangu, serikali inayomtumikisha mtu bila ujira haimsaidii mtu huyo. Inamsaidia mwenye duka, na mshahara anaokataa kuulipa unatoka mezani kwa jirani yako. Msidanganywe na jina zuri la uzoefu. Kama rafu zina kazi, basi zina mshahara. Na wewe mwenye kuamini, usishangilie amri inayombana mwenzako kabla hujauliza ni mkate wa nani utakaochukuliwa. Mungu husikia kilio cha aliyefanya kazi asilipwe, na husikia pia aliyesimama mlangoni akafurahi. Mimi nilifurahi. Ule mlango wa kanisa nausafisha kila Jumamosi, na kila Jumapili nasimama palepale nikiwaambia wanaoingia kwamba nilikosea.