Aliyefunguliwa kwa Kidole cha Mama

Chiriku aliaga, akaenda shule. Mama yake akarudi kwenye cherehani. Haukupita muda, sauti ya mtoto ikasema nyuma ya kiti, "Mama, kidole." Bila kugeuka, mguu ukiendelea kukanyaga, mama akanyoosha kidole gumba nyuma, kikashikwa na kugandamizwa kwenye kioo cha simu. Mkono uliokishika ulikuwa wa baridi. Ndipo alipokumbuka kwamba mtoto hayupo.

Aligeuka. Simu ilikuwa peke yake juu ya rafu, inawaka.

Kuombwa kidole na kukitoa hivyo ndivyo walivyozoea tangu kazi ya kushona sare ilipomzidi mama. Mchezo aliocheza Chiriku kwenye simu ulikuwa wa watu wazima, wa kuwinda watu na kuwachinja, na kila ulipofunguliwa ulidai alama ya kidole cha mzazi. Mama alikitoa kidole kama afukuzaye nzi. Hakuwahi kutazama alichoruhusu. Baba, fundi friji, ndiye aliyeuweka mchezo wenyewe ili nyumba itulie. Alipoambiwa habari ya mkono wa baridi, akasema mambo ya baridi ndiyo kazi yake, ngoja alete bisibisi.

"Mtoto ametulia, mama Chiriku," akasema. "Unataka nini tena?"

Alikuwa ametulia kweli. Mtoto aliyepewa jina hilo kwa kupayuka tangu alfajiri sasa alinong'ona na kioo tu, na kioo kikamjibu. Chumba kikaanza kunuka damu. Mama akaifungia simu kabatini, chini ya vitambaa, na mchana kweupe, majirani wakipiga soga dirishani, akasikia humo kabatini nyayo zikikimbia juu ya changarawe, kisha mtu akihema, kisha sauti ya mwanamume akiomba asiuawe, akimsihi Chiriku kwa jina, na Chiriku, aliyekuwa amelala kitandani macho yamefumbwa, akacheka polepole mpaka sauti ile ilipokatika.

Wakamwita shangazi wa baba, aliyekuwa akitibu wenye mashetani. Alifukiza chumba, akasoma, akamuuliza jini ameingiaje. Chiriku akajibu kwa sauti isiyo yake:

"Sikuvunja mlango. Kila siku nilibisha, nikafunguliwa."

Shangazi akamgeukia mama. "Aliyekaribisha ndiye afukuzaye. Mwanangu, ulimruhusu nini?"

"Sijui, shangazi. Sikuangalia."

Shangazi akamtazama baba. "Mimi niliuweka tu huo mchezo," baba akasema.

"Basi mtamdai nini?" shangazi akanong'ona. "Jini hunyang'anywa alichopewa. Na ninyi hamjui mlimpa nini."

Walijaribu hivyo hivyo. Mama alipiga magoti, akamwambia jini atoke nyumbani kwake, atoke kwa mwanawe, mpaka sauti ikamkauka. Baba akaiponda simu kwa nyundo. Harufu ikakatika. Chiriku akasinzia kifuani kwa mama, mwili una joto kama wa mtoto yeyote, na shangazi akajifunga mtandio, akaondoka bila kupokea hata shukrani.

Jioni jirani akaja kusema shangazi ameanguka njiani, na roho imetoka kabla hajainuliwa.

Baba akakaa chini. Chiriku alikuwa ameamka, amekaa kitandani, mikono mitupu. Akamtazama baba, kisha mama, kutoka utosini hadi miguuni, kama fundi anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Kisha akamwinamia mtu ambaye wao hawakumwona.

"Wamebaki wawili," akasema.