Rubani wa Ziwa Basotu

Maziwa yalinuka petroli. Fransiska aliyamwaga, akasugua sufuria kwa majivu, akachemsha mengine, nayo yakanuka vilevile. Mumewe Gervasi, rubani wa shamba la ngano la serikali huko Hanang, alionja, akaweka kikombe chini.

"Hii ni petroli ya ndege," alisema polepole. "Na mimi sijaigusa ndege tangu Basili aanguke."

Basili alikuwa rubani mwenzake. Shamba lilikuwa limepewa ndege tatu zilizostaafu katika jeshi la nchi ya mbali, za kuwanyunyizia sumu kwelea kwelea wasimalize ngano. Ya kwanza iliungua kiwanjani. Ya pili ilikatika bawa juu ya Ziwa Basotu, ikazama na Basili, na maiti yake haikuopolewa. Ilibaki ya tatu, na Gervasi alikuwa amekataa kuirusha.

Kikaoni, meneja wa shamba, Pascal, alimkazia macho.

"Ndugu Gervasi, ndege ya jeshi imejengwa kwa ajili ya vita. Hii yetu haijapata ajali hata siku moja."

"Hata zile hazikuwa zimepata, mpaka siku zilipoipata. Zote zina umri mmoja. Jeshi lenyewe liliziacha kwa sababu zilikuwa zinaua vijana wake."

"Taarifa inasema Basili alikata kona vibaya."

"Basili yuko chini ya maji. Atajibu nini?"

"Ndege mpya tumeshaomba, zitakuja msimu ujao," alisema Pascal. "Kwelea hawatusubiri mpaka msimu ujao."

Tangu kikao kile, mambo ya nyumbani yalizidi. Sakafu ya mlangoni ililowa bila mvua. Jioni moja Fransiska aliingia sebuleni na taa ya chemli, akamkuta mumewe amesinzia kitini, na kando yake amechuchumaa mtu mwenye ovaroli ya kirubani, maji yakimchuruzika kwenye mikono na kidevuni, majani ya ziwani yamemjaa kinywani hata taya halifungi, naye amemshika Gervasi kifundo cha mkono kwa nguvu, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara, huku akipumua kwa sauti ya maji yanayochemka. Taa ikazimika. Ilipowashwa tena, hapakuwa na mtu, ila mkono wa Gervasi ulikuwa na alama nyeusi za vidole.

"Umemwona?" Gervasi alinong'ona.

"Usimtaje jina."

Asubuhi yake Landrova ya ofisi ilikuja kumchukua kumpeleka kwenye kiwanja cha ndege, kwa amri ya Pascal. Mlango haukufunguka. Dereva alisukuma kutoka nje, Gervasi akavuta kutoka ndani, komeo halikuwa limefungwa, na katikati yao, ndani ya mbao zenyewe, kitu kilikuwa kinapumua. Dereva alikimbia akaliacha gari.

Fransiska hakuweza kuvumilia zaidi. Alipanda lori mpaka kwao Endagikot, kwa Qamara, mganga wa ukoo wao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja na harufu mbaya."

Qamara alifika shambani, akakaa mlangoni kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha. Kisha alimvuta Fransiska pembeni.

"Huyu hakuja kwa ubaya. Tumuulize kwanza anataka nini."

"Sitaki kusikia sauti yake, bibi. Mtoe tu."

"Una hakika?"

"Mtoe."

Mganga alichoma majani yake, akanyunyiza pombe ya asali kila kona, akaita kwa Kiiraqw kwa sauti ndogo isiyokatika, na nyumba ikaanza kutetemeka, vikombe vikaanguka, harufu ya petroli ikawa nzito mpaka macho yakatokwa na machozi, kisha nyayo zenye maji zikasikika zikitoka mlangoni, zikisimama, zikigeuka, zikisimama tena, hadi zikatokomea kuelekea ziwani, na huko mbali kikasikika kilio cha mtu anayeanguka kutoka juu sana.

Maziwa yakarudia utamu wake. Mlango ukafunguka kwa kidole.

Pascal alikuja mwenyewe. "Nasikia mganga ameshasafisha. Sasa kuna nini tena, Ndugu Gervasi? Au ni woga tu?"

Gervasi alikuwa amechoka kuitwa mwoga. Alivaa ovaroli. Fransiska alikuwa anaanika nguo alipoiona ndege ikiinama juu ya ngano, na bawa la kushoto likiachana nayo, jepesi, kama karatasi.

Taarifa ilisema rubani alikata kona vibaya.

Msimu uliofuata ndege mpya zilifika. Zilikuwa zimepakwa rangi, lakini chini ya rangi zilisomeka namba za jeshi lilelile. Rubani mpya, kijana mpole aitwaye Joakimu, alipewa nyumba ya Gervasi. Fransiska alimkabidhi funguo, akaenda moja kwa moja Endagikot.

"Bibi, mrudishe yule," alisema. "Mrudishe akae pale mlangoni. Kuna mtoto wa watu mle ndani."

Qamara alimtazama kwa huzuni.

"Mimi nimejaliwa kufukuza, binti yangu. Kurudisha sijui."