Jasho la Bwana Tatore

Hebu fumba macho, ulione pango kubwa mlimani, nyuma ya bandari ya Napoli. Jua linazama. Ndani, mafuvu yamepangwa kwenye rafu kama mikate dukani. Ni watu waliokufa kwa tauni karne tatu zilizopita, wakatupwa humo bila majina. Kila mwanamke wa mtaa huchagua fuvu lake, hulisugua na kuliwashia mshumaa, nalo humwombea haja yake.

Assuntina alikuja kwa ajili ya binti yake, Nannina. Homa ilikataa kushuka, na daktari alikuwa ameanza kunong'onezana na padri mlangoni.

Fuvu lake, aliloota kwamba linaitwa Bwana Tatore, lilikuwa linatoka jasho. Matone mazito, ya manjano, yalijaa kwenye matundu ya macho… yakateremka hadi kwenye meno.

Akalifuta kwa leso. Leso ikamnata vidoleni.

"Iache hapo hapo," alinong'ona jirani yake, Bibi Vicenza, aliyepiga magoti kando. "Hilo jasho ni mateso yao. Halitolewi nje."

"Nampelekea mwanangu, bibi. Kuomba nimeomba, nimechoka."

"We Assuntina! Mumeo akinuka samaki unamfukuza kitandani, leo unabeba uchafu huu kifuani?"

Aliificha leso, akatoka.

Nyumbani aliitandaza kwenye paji la uso la mtoto.

Homa ikashuka. Papo hapo.

Nannina akaketi, akaomba supu. Mama akamkumbatia huku akilia… kisha akasita. Shingo ya mtoto ilikuwa imelowa, inateleza. Ilinuka nta, ukungu, na nyama iliyosahaulika kabatini.

Akamfuta. Jasho la manjano likarudi.

"Unasugua vizuri, mama," Nannina alinong'ona. "Na wenzangu je?"

"Wenzako gani, roho yangu?"

Mtoto akatabasamu. Uzi wa manjano ukavutika kati ya meno yake.

"Wale wa rafu ya chini."

Asubuhi Bibi Vicenza alilikuta fuvu kavu kabisa. Alisema mateso yamehamia kwingine. Padri alisema jasho la mtoto ni mabaki ya homa tu. Nannina alikua, akaolewa, wala hakuugua tena. Lakini mama yake aliendelea kumfuta kila jioni, amebana pumzi, mpaka alipokufa.

Basi, mpenzi, ukimfuta mwanao jasho leo, nakuomba ukumbuke jambo moja tu.

Kinuse kitambaa.