Lami Chini ya Suzuki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rosina alifagia uwanja, akaanika dagaa kwenye chanja, kisha akachukua kitambaa na kufuta vioo vya gari la baba yake. Gari lenyewe halikuwa likienda popote. Lilikuwa Suzuki ndogo ya zamani, fupi, yenye turubai juu, na mwambao mzima wa ziwa pale Lituhi haukuwa na nyingine kama hiyo. Mzee Cleopa, baba yake, aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anahama, akapanda nayo milima ya Mbinga mvua inyeshe, jua liwake. Sasa mzee Cleopa hayupo. Watu walilia, matanga yakaanuliwa, lakini Rosina hakudondosha hata chozi moja. Alikuwa ameganda tu. Ukimwuliza kama amekula, alijibu ndiyo. Ukimwuliza amekula nini, hakumbuki.

Ukoo ulikubaliana gari liuzwe ili upatikane wavu mpya. Baba mdogo Jastin, mvuvi na mdogo wake marehemu, ndiye aliyewalisha Rosina na mama yake, na wavu wake ulikuwa umechakaa vibaya.

Jastin alikuwa pia fundi wa boti, tena fundi kweli. Siku aliyoingia uvunguni mwa gari, alikuta chesisi, ule mhimili wa chuma unaobeba gari, imeliwa na kutu hadi imetoboka. Basi akafanya alichokijua: akashindilia pamba kwenye tundu, akapaka lami juu yake, kama anavyoziba boti linalovuja. Rosina ndiye aliyemshikia kopo la lami.

"Limepona," Jastin alisema akijifuta jasho. "Na jambo hili ni letu sisi wawili, asijue mtu. Umesikia, mwanangu?"

"Ndiyo, Baba mdogo."

Siku zile alisema ndiyo kwa kila kitu.

Jumamosi akaja mnunuzi, nesi Avelina wa zahanati moja ya milimani, upande wa Litumbandyosi.

"Shikamoo, nesi," Rosina alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba."

Avelina hakuwa mtu wa kubabaishwa na rangi. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akawasha injini, ikaitika mara moja. Akaingiza gia ya magurudumu manne, akalipeleka kwenye mchanga laini wa ufukweni, likapita bila kulalamika.

"Lo! Kagari haka kanajua kazi!" alisema akishuka. Kisha akainama achungulie chini.

"Aa, nesi, utachafua gauni bure," Jastin akamuwahi. "Huko chini nimeshapaka lami. Kutu haigusi tena."

"Umefanya vizuri," Avelina akasema, akajiinua. "Maana barabara yetu mnaijua. Juzi tumemshusha mama mjamzito kwa pikipiki, uchungu umeshamshika, na malori ya makaa ya mawe yanatupita hivi! Nikipata hili, mama kama yule namlaza nyuma." Akamgeukia Rosina. "Hivi marehemu aliwezaje kushuka ile milima miaka yote bila ajali?"

Mdomo wa Rosina ulifunguka wenyewe.

"Kila safari alilala chini kwanza. Anagonga chuma kwa spana, mimi nasikiliza. Alisema chuma kizima kinalia, kibovu kinanyamaza."

Jastin alimkazia macho. Rosina akaufikiria wavu. Akamfikiria mama kama yule amelazwa nyuma, gari likikatika kwenye kona. Moyo uliokuwa umelala siku zote ukaanza kumdunda, akaogopa kwelikweli. Hata hivyo alichukua spana chini ya kiti, pale pale baba yake alipoiacha, akajilaza mchangani.

Ngo! Ngo! Ngo! Halafu, pu.

"Hapa kumetoboka, nesi," alisema kutoka uvunguni. "Tumeziba kwa pamba, na Baba mdogo alisema iwe siri yetu."

"Rosina!" Jastin alifoka, lakini sauti ikamwishia. Akakaa kwenye mchanga. "Wallahi nesi, boti ningeliziba hivyo hivyo, na ningepanda mimi mwenyewe."

"Kwa nini basi ulimwambia mtoto afiche?"

"Nilihofia hutalinunua," Jastin alisema.

Avelina hakuondoka kwa hasira. "Injini ni nzima," alisema. "Lipakieni kwenye lori mpaka Ruanda, hii yetu ya Mbinga, kwa wachomeleaji wa malori ya makaa. Wakate pabovu, waweke chuma kipya. Mkimaliza, niiteni."

Gari liliporudi, nesi alimkabidhi Rosina spana. Akagonga mbele, akagonga nyuma. Ngo! kila mahali. Ndipo machozi yakamtoka, akamlilia baba yake kwa sauti, kule kule uvunguni, na watu wazima wakamwacha alie mpaka atosheke.

Alipotoka, Jastin alimfuta mchanga mgongoni. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Msikilize, Rosina," Avelina akasema alipokwisha kumlipa Jastin, akiwasha gari. "Kasoro ikisemwa, mafundi wapo. Ikifichwa, nani ataitengeneza? Umeokoa watu ambao hata jina lako hawatalijua. Usiache kusema ukweli, hata mkubwa akikukataza."

Jioni ile Rosina alikula ugali kwa dagaa wa kukaanga na matembele, akaomba aongezwe.